Ujumbe Niliomtumia Bwana Athmani

Nauza vitambaa katika duka la Bi Rukia, Lamu mjini. Majuzi alinunua programu ya kuhifadhi habari za wateja, akanikabidhi mimi kwa sababu nilijigamba kwamba naijua. Sikuijua.

Niliingiza majina ya wateja, namba zao za simu na kitu ambacho kila mmoja alinunua mara ya mwisho. Kisha nikatunga ujumbe mmoja, na programu ikawa inajaza yenyewe jina la mtu na alichonunua. Nikaujaribu kwa mama aliyenunua leso, ukasomeka vizuri. Nikawatumia wote, nikajiona mtaalamu.

Alasiri akaingia Bwana Athmani wa Mokowe, aliyemzika kaka yake wiki iliyopita. Duka lilijaa wanawake. Nilipompa mkono wa pole, akamnyooshea Bi Rukia simu.

"Risala hini yatoka kwenu?"

Bi Rukia akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Bwana Athmani, tunatumai familia yako imefurahia sanda. Karibu tena, ya pili tutakupunguzia bei."

Akavua miwani. "Astaghfirullahi! Ni nani aliyeandika haya?"

Wanawake wote wakanigeukia, nami bado nimeushika mkono wa mfiwa.