Machine ya Mbuzi Kumi na Mbili

Miye njo nilisema tununue. Sitaki kujificha. Miezi nane mimi nilikuwa nasema, masta wangu, rafiki yangu wa kazi, alikuwa anasikiliza, na feza ilikuwa yake.

Tulikuwa na kachumba mu commune ya Beu, Beni: meza mbili, plaque moja ya jua yulu ya mabati, na kazi ya montage ya video. Ndoa, matanga, ubatizo, kwaya. Masta anakamata camera, miye ninakata na kushona. Hakuna mutu alinifundisha. Nilijifundisha mwenyewe mu telefone, nikiangalia batu ba inchi ya mbali benye banaonyesha kila kitufe.

Masta huyo si rafiki ya bia. Zamani patron mumoja alinifukuza ku kazi juu nilifungula machine yake bila kulomba ruhusa. (Nilikuwa naitengeneza! Na ikatengenezeka!) Masta alikuwa mufanyakazi mule, hakuna kosa alifanya. Akachukua koti yake, akasema: "Huyu akitoka, na miye ninatoka." Mutu wa vile hauwezi kumupoteza ukalala muzuri.

Sasa, machine yetu ya zamani, ile kompyuta ya montage. Ukibonyeza exporter, ile ya kutosha film nzima, asubui, unaenda kuabudu, unarudi, unakula, unakuta film iko pourcentage makumi ine. Kisha inazima. Bibi-harusi mumoja alikuja kulomba film ya ndoa yake na tumbo ya miezi sita. Akasimama ku mulango.

"Kaka, munangojea mutoto naye aingie mu film?"

Masta alicheka. Miye sikucheka. Njo siku ile nilianza kutafuta machine ya gaming. Si ya kucheza! Mama yangu hata leo anafikiri ilikuwa ya kucheza. Ni vile tu: machine yenye inabeba michezo mikubwa iko na carte graphique ya nguvu, na ile carte njo inakimbiza montage. Kazi ya siku nzima inakuwa ya robo saa. Nikasoma, nikalinganisha, nikajua processeur, écran, ventilateur, mpaka masta alikuwa anazisikia vile mbele ya kulala, kama maombi.

Mais masta alikuwa na jambo yake. Alikuwa na muchumba, famille ya Lubero, na wazee balikuwa bamekata mahari: mbuzi kumi na mbili. Za kutembea, hapana feza mu enveloppe. Baba ya binti alisema: "Enveloppe hailie asubui." Tena akaongeza: mwezi wa saba ikiisha bila mbuzi, mulango wake utafunguka kwa bengine. Feza ya mbuzi masta alikuwa nayo, kidogo kidogo, tangu zamani. Na bei ya ile machine, nilipoiulizia Butembo, ilikuwa mbuzi kumi na mbili na mguu ya kumi na tatu.

"Donc," masta akaniuliza, "nioe ao niexporter?"

"Uexporter kwanza. Kwa kazi yenye itaingia, mbele ya mwezi wa saba mbuzi zote ziko mu kamba."

"Hakika?"

"Shi unanijua?"

Tukapanda Butembo. Mwenye duka ni mama mumoja wa commerce, pagne yake imefungwa nguvu, telefone mbili mu mikono. Machine zake zinakuja mu container pamoja na za benzake, carton zimepigwa scotch kila pembe. Nikalomba kuangalia. Akatingisha kichwa.

"Ukifungula carton, umenunua."

"Mama, hata ndizi banaipapasaka mbele ya kununua!"

"Enda basi kwa benye kuuzisha ndizi."

Nikaanza kuwaka. Nikamuambia hivi si commerce, ni tombola, na maneno ingine yenye sitaandika. Masta akanivuta shati.

"Mama, utusamehe. Huyu anawaka kama petrole, mais ni mutu muzuri. Tumetoka Beni juu ya hii tu."

Mama akamuangalia masta, akaniangalia miye, akatosha carton ingine chini ya meza, yenye ilikuwa imeshafunguliwa. Akachomeka machine ku ukuta. Nikatia clé yetu, ile flash yenye film ya bibi-harusi ileile, nikabonyeza.

Dakika kumi na ine. Nilihesabu. Ventilateur ilipuliza kama ng'ombe, na film ikatoka nzima, safi, kila mupira wa mapambo na rangi yake. Nikageuka. Masta alikuwa anacheka na mukono yake iko tayari ndani ya koti, kwenye feza.

Mama njo akauliza: "Kwenu Beni munatumia courant ya nini, umeme yenu inatoka wapi?"

"Plaque," nikasema.

"Na convertisseur yenu, ile sanduku yenye kugeuza courant ya batterie, ni ya ngapi?"

"Watt mia tatu."

Akanyanyua chargeur. Ilikuwa nzito kama tofali. Akaigeuza mugongo.

"Soma hapa, papa."

Watt mia tatu makumi tatu.

"Kijana mumoja alinirudishia hii machine, njo maana carton iko wazi. Convertisseur yake ilikuwa kama yenu. Ililia tii-tii-tii, ikakata. Bila chargeur, ku batterie tu, alisema inatembea pole kama ile yake ya zamani."

Moto ikanipanda mpaka masikio. Juu nilikuwa nimesoma ile pahali! Bote ba mu telefone banasema: nguvu yake inatoka yote ukiichomeka ku ukuta. Nilipita tu. Bale benye kusema, kwao kila ukuta iko na courant vile kila mulango iko na kitasa, habawezi kukukumbusha. Miezi nane nilipima kila kitu ya ile machine. Chargeur sikuipima hata siku moja.

"Sasa munauzishia nani hivi bintu?" nikalalamika.

"Benye courant. Ukitaka, nunua, sitakuzuia. Mais mara ya pili sitairudisha."

Kichwa yangu ilikuwa bado inakimbia: convertisseur kubwa, batterie mbili, plaque tatu... mbuzi ingine sita. Nikafungula kinywa. Masta akanitangulia.

"Sema weye. Ukisema tununue, ninatosha feza sasa hivi. Miye hivi bintu sivijue. Nakujua weye."

Mutu akikuambia vile, afazali akupige kofi.

Nikatoka inje. Nikapiga teke ukuta ya duka, kidole ikauma, nikarudi.

"Hapana. Bei yake ni ya haki, kwa mutu mwenye courant. Kwetu haina faida. Tuende."

Mama akafunga carton, hakunicheka. Hiyo pia ilinikasirisha.

Ku barabara, tukingojea taxi, masta njo alipasuka.

"Miezi nane! Mwalimu! Chargeur, masta, chargeur! Ningemuambia nini baba yake? Mbuzi ziko wapi? Ziko mu ventilateur?"

Miye siachiake mutu neno. Siku ile nilimuachia yote. Akatembea mbele, akarudi, akatosha telefone, akamupigia muchumba.

"Ambia papa, samedi tunakuja. Ndiyo, zote, za kutembea. Huyu? Iko hapa, amevimba kama muhogo mu maji." Akasikiliza, akanigeukia. "Anasema na weye ukuje, uvute kamba."

"Nitavuta," nikasema.

Nilifurahi juu yake, kweli kabisa. Mais kufika Beni, usiku muzima sikulala. Batu banafikiri nilikuwa na haya. Haikuwa haya. Ile machine ilikuwa muzuri! Ingekuwa mubaya, ningelala.