Kofia ya Bwana Dacre

Tarehe 9 Machi 1886, Ebenezer Truscott alitimiza miaka ishirini ya ubawabu katika Bunge la London. Asubuhi hiyo aliikuta kofia ya Bwana Dacre, waziri wa zamani aliyeishia viti vya nyuma, imewekwa kitini kushika nafasi kama desturi, ingali na matone ya mvua. Lakini Bwana Dacre alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mbunge mpya alikitaka kiti. "Truscott, siku hizi maiti nao wanapiga kura? Iondoe, au kazi huna!"

"Kofia ikikaa, mwenyewe amekaa, mheshimiwa."

Mbunge akaiinua mwenyewe, kisha akairudisha upesi. Ndani yake mlikuwa na joto la kichwa cha mtu, kana kwamba imevuliwa sasa hivi.

Akaenda kukaa kwingine. Kesho yake Ebenezer alifungua mlango kama kawaida.