Mkasi na Chonge Lake la Juu

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na si kwa sababu ya mkasi. Mkasi alikuwa nao, wa chuma kizito, lakini ulilala mezani kama paka mzee aliyesahau panya ni nini. Yeye uzi aliukata kwa meno. Miaka thelathini na mmoja, uzi wa shati, uzi wa koti, hata ule wa jinzi ambao mtu mwingine angeutafutia kisu, aliupeleka kwenye chonge lake la juu, upande wa kulia, akainamisha kichwa kidogo, ka, kazi imekwisha. Mafundi wengine wakinyoosha mkono kuchukua mkasi na kuurudisha, yeye keshamaliza kifungo cha tatu. Nani angemweza? Hakuna, na anayebisha alete wake.

Chonge lenyewe uzi ulikuwa umelila hadi likawa na kijifereji nchani, na Mkasi aliwaonyesha wateja kijifereji hicho kama askari anavyoonyesha kovu. Mengine hakuyaonyesha. Hakusema kwamba akipiga mswaki ufizi ulitoa damu, na kwamba kwa kuuhurumia ufizi alipiga mswaki mara moja tu, asubuhi, haraka haraka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye meza ya jirani. Wala hakusema kwamba chai yake ya vijiko vitatu vya sukari ilikaa kando ya cherehani kutwa nzima, anainywa funda moja moja hadi jioni, na jino linaogelea humo. Usicheke. Nenda kajitazame kwenye kioo kwanza, halafu rudi tuendelee.

Siku moja maji baridi yaligusa lile chonge akaona nyota mchana kweupe. Maumivu yakaja na kuondoka kwa wiki kadhaa, kisha yakakoma kabisa. Mkasi akafurahi, akatangaza dukani kwamba jino limepona lenyewe. Jino lililotoboka haliponi lenyewe, jamani. Lilikuwa limekufa kimya kimya, na kilichokufa ndani hakikosi kuoza. Jumatatu moja aliamka na ufizi umevimba juu ya chonge, na shavu limeanza kujaa chini ya jicho.

Mtu mwingine angekwenda kwa daktari wa meno, ambaye chumba chake kilikuwa mtaa wa pili tu, ghorofani. Mkasi hakwenda. Msidhani aliogopa sindano; sindano zilimchoma vidole tangu utotoni na alizizoea kama mbu. Alichoogopa ni kile kilichompata mjomba wake.

Mjomba huyo, ndugu wa mama yake, ndiye aliyemfundisha kushona. Alikuwa fundi hasa. Koti lake lilikaa begani kama limemea hapo. Mkasi alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mjomba aling'olewa jino la juu, upande wa kulia. Kabla mwaka haujaisha, jicho la kulia likawa jeupe kama kifungo cha shati. Watu wakasema mshipa wa jino la juu umefungwa kwenye jicho. Ukivuta jino, umevuta na taa. Mkasi alimwona mjomba akipapasa tundu la sindano kwa ncha ya ulimi, uzi ukipita huku, ukipita kule, hadi siku aliyoifunika cherehani kwa shuka na asiifunue tena.

Kwa hiyo alipougusa uvimbe ule Jumatatu, jino hakuliwaza hata kidogo. Aliwaza jicho. Fundi asiye na jino atakunywa uji. Fundi asiye na jicho ni mtu aliyekaa kitini tu.

Akafanya jambo ambalo fundi cherehani peke yake angelifanya. Alivuta futi iliyoning'inia shingoni, akasimama mbele ya kioo cha wateja, akajipima. Kutoka sikio hadi pembe ya pua, upande mzima, inchi nne na nusu. Upande wa jino, nne na robo tatu. Akaandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho, bila jina la mteja, akajiambia kwamba kitu kinachopimika hakiwezi kumtoroka mtu. Shule aliyosoma iliishia hapo.

Dukani walikuwa watatu. Mkewe alishona vifungo na pindo, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipiga pasi kwenye meza ya nyuma na kupiga domo kila mahali. Jumanne Mkasi aligeuza cherehani ili shavu lake la kulia litazame ukuta. Shemeji hakumwacha.

"Umegombana na mlango, shemeji? Leo umeupa kisogo."

Mkasi alijibu bila kufungua mdomo sawasawa kwamba upande huu kuna mwanga mzuri.

"Mwanga wa ukutani," shemeji akasema. "Huo mpya."

Jumanne hiyo ilikuwa inchi tano. Alitafuna karafuu, akasukutua maji ya chumvi, akameza vidonge vya maumivu vilivyobaki kwenye droo, na hofu ikazidi kupanda. Jumatano akaja na akili yake kubwa. Kwa miaka thelathini na mmoja hajaona mkunjo uliokataa pasi. Mkewe alipotoka kununua vifungo, alimwomba shemeji ampashie kitambaa kwa pasi kiwe na moto wa kutosha, eti shingo imekaza. Akakikunja, akakibandika shavuni, akakandamiza hadi machozi yakamtoka. Akarudia mara nne. Nguo ingenyooka. Shavu halikunyooka, moto uliuchochea uvimbe, na asubuhi iliyofuata ulikuwa umepanda hadi chini ya kope. Inchi tano na robo. Mwili wote ulikuwa na homa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alifichuliwa na daftari lake mwenyewe. Alhamisi hiyo alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia la koti la mteja, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi, na mkewe akachukua daftari aangalie vipimo vya koti. Akafungua ukurasa wa mwisho. Akasoma, akasoma tena.

"Baba watoto, huyu mteja ni nani? Jumatatu nne na robo tatu, leo tano na robo. Nguo gani hii inayokua?"

"Labda ya mjamzito," shemeji akasema kutoka nyuma.

Mkewe alikuja, akamshika kidevu, akamgeuzia uso mlangoni kama mtu anayetazama kitambaa juani. Hakupiga kelele. Alivuta futi kutoka shingoni mwa mumewe, akapima mwenyewe, sikio hadi pua.

"Tano na nusu," akasema. "Tangu asubuhi imeongezeka. Twende."

Mkasi akakamata ukingo wa cherehani. Akasema, kwa sauti iliyobanwa na uvimbe, kwamba hawezi, kwamba wakiling'oa jicho litakwenda nalo, kama la mjomba, na wote wanajua mjomba aliishia wapi. Shemeji akaweka pasi chini.

Mkewe alichomoa sindano aliyoichomeka kifuani mwa gauni lake, akampa pamoja na uzi.

"Fumba jicho la kushoto," akasema. "Nitungie."

Alifumba. Mbele yake hapakuwa na sindano wala vidole vyake mwenyewe. Palikuwa na mwanya mwembamba wa mwanga uliojaa kope. Uvimbe ulikuwa umelifunga jicho alilokuwa akilichunga siku nne nzima. Mkasi akaacha sindano ianguke. Ngazi za kwa daktari alizipanda akishikwa mkono huu na mke, mkono huu na shemeji.

Daktari wa meno alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza. Alisema shikamoo baba, akamlaza kwenye kiti kinachoinama, akaingiza kioo kidogo mdomoni. Aligonga jino moja baada ya jingine kwa kijiti cha chuma, na alipolifikia chonge Mkasi aliinuka nusu. Daktari akauliza ni nani aliyekandamiza kitu cha moto hapo. Shemeji akatazama dari.

Kisha daktari akaeleza polepole. Ndani ya jino lililokufa kuna usaha, na usaha unatafuta njia ya kutoka. Juu ya chonge kuna jicho, na nyuma ya jicho kuna ubongo. "Kung'oa hakutachukua jicho lako, baba," akasema. "Kuliacha ndiko kunakoweza. Ungekaa siku mbili tatu zaidi, nisingekupokea mimi, ungelazwa hospitali."

Mkasi akasema habari za mjomba. Alizisema zote, na daktari hakumkatiza. Alimuuliza jambo moja tu: kabla ya jino kung'olewa, mjomba alikuwa anaona vizuri?

Mkasi alifungua mdomo aseme ndiyo. Alikumbuka alivyofika kwenye duka la mjomba, akiwa na miaka kumi na mmoja, hajui hata kushika mkasi. Mjomba alikuwa amekuja nyumbani kwao akamwambia mama yake, nipe mtoto wako anitungie uzi. Kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kutunga uzi, siku nzima, kwa mtu ambaye hakuliona tundu. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya jino. Macho ya mjomba yalikuwa yanazimika tangu zamani, la kulia likitangulia, na yeye ndiye aliyejua kuliko wote, na ndiye aliyesahau.

Akili ikakubali. Mikono haikukubali. Iling'ang'ania kingo za kile kiti hadi mkewe akaifunika kwa wake.

Sindano ya ganzi ilimwingia juu ya ufizi, mahali pasipo na usaha, na daktari akiweka kidole chini ya jicho. Mdomo ukafa, pua ikafa nusu. Mkasi alivumilia. Kisha akahisi kope ya chini ikitoweka, kana kwamba mtu ameifuta usoni mwake kwa kitambaa. Akapepesa, hakuna kitu. Akamkamata daktari kifundo cha mkono.

"Jicho," akasema. "Linaondoka."

"Ni ganzi, baba. Imefika kwenye kope, saa chache itarudi. Ilinipasa nikuambie kabla." Hakuuvuta mkono wake. Alisubiri hadi vidole vya Mkasi vikalegea kimoja kimoja.

Kung'oa kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kubandika zipu. Maumivu hayakuwepo, ila sauti aliisikia ndani ya fuvu, kama nguo nzito inayopasuliwa. Usaha ulitoka, na uzito uliokaa usoni tangu Jumatatu ukashuka kidogo. Jino lilikuwa kwenye sahani ya chuma: kijifereji chake cha sifa nchani, na ubavuni, upande ambao hakuna mteja aliyewahi kuonyeshwa, tundu jeusi linaloingia kichwa cha pini.

Daktari alimpa pamba aing'ate na maagizo ya kukumbukwa na watatu. Asisukutue leo, kesho maji ya chumvi taratibu. Dawa ameze zote hadi mwisho, hata akijiona mzima. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, na ule wa kabla ya kulala asiukose. Damu ya ufizi ni dalili ya uchafu, si sababu ya kuacha kupiga. Chai ya sukari ainywe mara moja iishe, siyo kutwa. Halafu akatoa kijisanduku cha uzi mwembamba, akamwonyesha jinsi ya kuupitisha katikati ya meno.

"Miaka yote hii," shemeji akanong'ona, "kumbe alikuwa anaushika kinyume."

Ganzi iliondoka jioni, kope ikarudi. Hofu haikuondoka nayo. Uvimbe haukushuka siku ile, na Ijumaa asubuhi Mkasi alilala macho yamefumba kwa muda mrefu, akiogopa kufumbua la kulia kwanza. Sasa daftari alilishika mkewe. Kila asubuhi alimkalisha mlangoni, akapima, akaandika, na ukurasa ule ukapata jina la mteja. Tano na robo. Tano. Siku mbili ulisimama hapo hapo kwenye tano, na Mkasi akasukutua tu na kumeza dawa na kupima kwa kidole alipodhani hawamwoni. Nne na robo tatu. Jumatano ikasoma nne na nusu, kushoto na kulia sawasawa, kama mabega ya koti zuri.

Mkewe akamnyooshea sindano na uzi. Shemeji akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baadaye.

Mkasi akafumba jicho la kushoto. Akalowesha uzi mdomoni, na akaliona: tundu la sindano, dogo, lenye mwanga ndani yake. Uzi ukapita mara ya kwanza.

Akakaa akiutazama. Kisha akavuta shati lililokuwa karibu, akashona kifungo, mishono minane, akafunga fundo. Akauinua uzi, akainamisha kichwa kidogo, upande wa kulia, kama alivyofanya miaka thelathini na mmoja. Uzi ukapita kwenye pengo, ukatoka upande wa pili ukiwa mzima.

Alibaki hivyo, kichwa kimeinama, uzi mdomoni.

"Shemeji," akasema mwishowe, "nipe huo mkasi."

Shemeji akaenda kuuchukua mezani. Ulikuwa umeshika kutu kwenye msumari wa katikati, na ilibidi wauvute wote wawili ndipo ufunguke.