Picha ya Mlangoni kwa Bi Twahira

Tangu Bi Twahira aingie eda ya marehemu mumewe, aliyempikia chakula cha mchana mara nyingi alikuwa Kwamboka, jirani wa upande wa pili wa njia, mwanamke wa Kisii anayepiga pasi katika hoteli moja kule Shela. Siku asizokwenda kazini aliivuka ndia na sufuria, akakaa, wakasengenya wagombea wote bila upendeleo. Kisha akaacha kuja. Bi Twahira alisikia nyayo zake zikipita mlangoni bila kupunguza mwendo, na kwa kuwa mwenye eda hatoki nyumbani, alibaki kujiuliza. Je, kuna neno alilolisema? Sufuria ya mwisho ilikuwa bado jikoni kwake, imeoshwa.

Jibu lilikuja limefungiwa viazi karai. Binti yake, Iman, aliviweka mezani, na Bi Twahira alipolikunjua gazeti lenye mafuta alikuta mlango wake. Nakshi zile zile, ufa ule ule wa chini. Kwamboka alikuwa amesimama na sufuria. Mbele yake palikuwa na mgongo wa mwanamke aliyejitanda leso. Kichwa cha habari kilisema siasa zimeugawa mtaa. Chini ya picha waliandika: "Mwenyeji wa Lamu akimgeuzia mgongo jirani yake kutoka bara, kampeni zikipamba moto."

"Iman, huyu si mimi?"

"Ni wewe, mama. Nilidhani hutaliona."

Hakukasirika mara moja. Aliisogeza karatasi dirishani akaitazama kwa makini, kama atazamaye kitambaa cha duka. Siku ile msafara wa mgombea ulipita kwa ngoma, na aliposikia sauti za wanaume mlangoni aligeuza uso ukutani. Mwenye eda haonyeshi uso wake kwa wanaume wasio maharimu wake. Hilo hata mtoto wa hapa Amu analijua. Mpiga picha hakudanganya kitu. Mgongo ulikuwa mgongo. Ila mwanamume aliyeushika mtambo wa picha ndiye aliyeusababisha, na yeye hakuonekana pichani.

"Wangeuliza tu," alisema.

"Wangeuliza, habari ingekuwa wapi?" Iman akajibu.

Bi Twahira alipika vipopoo vya unga kwa tui la nazi, akavitia katika sufuria ya Kwamboka, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. "Mpelekee. Mwambie nauliza kama ndia imekatika."

Kwamboka alikuja mwenyewe, sufuria ile ile ya vipopoo mkononi, akasimama kizingitini.

"Mama Iman, kule hotelini walinionyesha gazeti. Wakanicheka: umewapikia wenyeji, ona walivyokushukuru."

"Na wewe ukaamini? Hukuwa umesimama hapa?"

"Nilikuwa hapa. Nikauona huo mgongo kwa macho yangu na sikuona ubaya, nikajua una eda yako. Nilipousoma ndipo ubaya ukaingia. Nikaanza kukumbuka na mengine. Siku uliyosema pilau yangu ina chumvi."

"Ilikuwa na chumvi."

"Najua ilikuwa na chumvi."

Bi Twahira akamtazama, akitaka kweli kujua. "Na kama wangeandika kwamba mimi na wewe ni ndugu, pilau ingekuwa tamu?"

"Hapo ningezunguka mtaa mzima na gazeti nikijidai, nawe ungelala njaa," Kwamboka akasema, na Iman akacheka jikoni.

Nje gari la punda lenye vipaza sauti lilikuwa linakaribia, wanaume wakiimba nyuma yake. Bi Twahira akageukia ukuta. Kwamboka hakusubiri kuambiwa. Aliweka sufuria chini, akavua leso yake ya begani, akaitanda mlangoni kwa mikono miwili hadi msafara wote ukapita.

"Leo nao wataandika nini?" Bi Twahira akauliza, uso bado ukutani.

"Wataandika mgeni amemfungia mwenyeji mlango. Geuka tule."