Chai Bila Achari

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Towa alikunja mkono wa kulia wa nguo yake hadi juu ya kiwiko, akafunua chungu kilichokaa kwenye kona ya baridi ya jikoni, akauzamisha mkono ndani ya pumba za mchele zilizochachuka. Za chini alizileta juu, za juu akazipeleka chini, kisha akazikandamiza kwa kiganja taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mwisho alipangusa ukingo wa chungu kwa kitambaa safi. Pumba hizo aliachiwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliachiwa na mama mkwe wake. Humo walifukia matango, biringanya na figili, na kesho yake zikatoka achari za kuliwa na wali. Pumba zisipogeuzwa wakati wa joto huoza upesi. Kwa hiyo Towa hakupenda kulala nje ya nyumba ile. Alipokwenda kujifungua, mumewe ndiye aliyezigeuza, tena kwa mwiko, na kijiji kizima kikamcheka.

Mtoto aliyezaliwa safari hiyo ni Nahoko. Hakupata mdogo. Sasa alikuwa mtu mzima, anafanya kazi ofisini katika jiji la Sendai, na alirudi nyumbani kijijini Akita, kaskazini mwa Japani, wakati wa likizo tu. Alikuwa Sendai majira ya kuchipua yale, simu ilipoita na mama yake akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Baba yako ameanguka. Yu hai."

Kilikuwa kiharusi, kile chepesi. Eikichi alikuwa fundi mabati, na mapaa mengi ya kijiji yalipita mikononi mwake. Alitoka hospitali akiburuta mguu wa kushoto, mdomo umepinda kidogo upande mmoja, utani wake ukiwa palepale. Daktari alimweleza mbele ya mkewe na bintiye, "Mzee, tatizo lako ni chumvi. Achari asubuhi, achari mchana, supu ya miso usiku. Hiki cha kwanza kimekuonea huruma. Cha pili hakitabisha hodi."

"Basi nitafunga mlango kwa komeo," Eikichi akasema.

Daktari alicheka. Towa hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alishika mfuko wa dawa kwa mikono miwili, na Nahoko alipomtazama aliona midomo inacheza, anarudia maneno ya daktari asije akasahau hata moja.

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka. Miso, lile rojo la soya lenye chumvi, iliyokuwa ikichotwa kwa upawa bila kutazama, sasa ilipimwa kwa kijiko cha chai. Chupa ya sosi ya soya iliondolewa mezani, ikafichwa nyuma ya masufuria. Towa alikwenda kituo cha afya cha mji kumsikiliza mtaalamu wa lishe, akarudi na jambo moja kichwani: chumvi ikiondoka, harufu na ukali vikae mahali pake. Kwa hiyo akashika jembe. Tuta la figili nyuma ya ghala, lililolimwa kwa ajili ya achari tu, alilifumua lote, akapanda shiso, yale majani yenye harufu kali kama rehani, vitunguu vya majani, tangawizi, pilipili, na nyanya ndogondogo. Nahoko alimtumia mbegu kutoka Sendai. Mchuzi aliupika kwa uyoga mkavu na mwani uliolowekwa tangu jana yake, na juu ya samaki akakamua ndimu.

Mwanzoni Eikichi alimsaidia. Alikaa kwenye kiti kidogo kando ya tuta akifunga nyanya kwenye vijiti kwa vipande vya waya alivyobakiza kazini.

"Mama Naho," alimwita mkewe, "hizi nyanya zako zinanyonga vijiti. Zina njaa ya chumvi nazo."

"Funga waya, acha maneno."

"Nafunga. Lakini nikifa nizikwe na kipande cha figili mdomoni. Sitaki kufika kwa mama nikinuka hospitali."

"Mama yako alikufa kwa kiharusi," Towa akajibu bila kuinua kichwa. "Na baba yako. Na kaka yako. Ukoo wenu wote umekufa mdomo umejaa figili."

Eikichi alicheka hadi akakohoa. Nahoko, aliyekuja likizo na kusimama karibu ameshika ndoo, naye alicheka. Baadaye alitamani angekuwa na kumbukumbu nyingi zaidi za majira yale ya joto, maana ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kwa baba yake kucheka hivyo.

Chungu cha pumba Towa hakutaka kukitupa. Aliwaza, kwa nini nacho kisifuate dawa? Akazipunguza chumvi pumba za mama mkwe. Hakujua, au alijua na hakutaka kujua, kwamba chumvi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda kila kitu mle ndani. Joto lilipopanda, pumba zilianza kutoa ute, kisha harufu ya soksi mbichi, kisha harufu isiyo na jina. Alizigeuza asubuhi, akazigeuza mchana, akaongeza haradali, akarudisha chumvi kwa kuchelewa. Hazikurudi. Alizibeba kwenye karai, akachimba shimo nyuma ya ghala, akazifukia.

Eikichi alimtazama kutoka barazani. "Umemzika mama yangu mara ya pili," akasema. Huo haukuwa utani.

Hata hivyo, vipimo havikushuka. Towa alishangaa. Nyumbani chumvi ilikuwa kama haipo, na presha ya mumewe ilikuwa palepale. Ndipo jirani yao, Bi Hatsune, mjane aliyeishi nyumba ya mkono wa kulia, akaropoka kisimani: "Mzee wako anazipenda biringanya zangu jamani! Jana kamaliza sahani."

Kijijini kwao mtu hanywi chai peke yake. Ukipita mbele ya nyumba ya mtu unaitwa, "Ingia, chai ipo," na chai ikija, inakuja na achari. Kila nyumba ina zake: huyu figili zilizokaushwa kwa moshi, yule kabeji, yule biringanya. Mgeni huzitafuna, huzisifu, huuliza siri yake, na mazungumzo huanzia hapo. Kumwekea mgeni chai tupu ni sawa na kumwambia anyanyuke aende. Eikichi, mwenye mguu wa kuburuta, alikuwa akiizunguka njia ile ya kijiji kila siku, nyumba hadi nyumba, na mkewe alidhani anafanya mazoezi.

Towa alivaa nguo zake za kwendea msibani, zile nyeusi, kwa kuwa hakuwa na nyingine za heshima kiasi hicho. Akapita mlango kwa mlango. Kila mlango aliinama mpaka nywele zikagusa magoti.

"Nawasihi. Mkimpenda mume wangu, msimpe achari."

"Hata kipande kimoja, dada Towa?" akauliza mzee Kuniyoshi, dereva wa basi mstaafu, aliyekuwa rafiki wa Eikichi tangu wakiwa na makamasi. "Kipande kimoja kitamfanya nini mtu mzima?"

"Kitaniulia mume."

Walikubali. Walikuwa watu wema, na waliogopa majuto kuliko kitu kingine chochote. Lakini hakuna aliyejua la kufanya na Eikichi bila achari. Wangemwekea biskuti kama mtoto? Wangekaa watafune wao, yeye ameze mate? Kwa hiyo alipopita, walijifanya wako nyuma wanafua. Bi Hatsune alikuwa akizima redio akisikia mguu ule unaburutwa njiani. Hakuna aliyemchukia. Aibu tu ndiyo iliyowafungia milango.

Eikichi hakuuliza. Aliizunguka njia kwa muda, kisha akafika nusu yake, kisha akaishia kwenye lango lake mwenyewe. Majani ya mwisho ya shiso yaliponyauka, hakutoka tena. Alikaa mbele ya dirisha, miguu chini ya meza ya joto iliyofunikwa blanketi, mikono juu ya magoti. Alikula alichopewa. Hakusifu wala kulalamika. Presha ikashuka, na daktari akampongeza Towa: "Mama, umefanya kazi ya hospitali nzima. Damu yake ni ya kijana." Towa aliinama kushukuru, kisha akamtazama kijana huyo akifungwa kamba za viatu kama mgonjwa wa mwaka mzima.

Nahoko alipofika mwishoni mwa mwaka, theluji ilikuwa imefika madirishani. Alimkuta baba yake amekonda, mashavu yameingia ndani. Bakuli la wali lilirudi jikoni limechokonolewa tu.

"Baba, huli kwa nini?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Akageuka kutazama theluji.

Jikoni, Towa alikuwa amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka bure. "Nimeshindwa," akamwambia bintiye. "Nenda kawaite. Mwambie Kuniyoshi alete zile za moshi. Mwambie Hatsune alete zozote. Leo na ale. Ale mpaka achoke."

Nahoko, ambaye tangu utotoni kubisha mlango wa mtu kulimtia jasho, alipita kila nyumba kwenye theluji ile. Wote walikuja. Walikuja na vibakuli vilivyofungwa kwa vitambaa, wakikung'uta viatu mlangoni, wakiongea wote kwa pamoja kama watu waliofunguliwa gerezani.

"Oyaa, fundi! Paa langu linavuja, umelala tu hapa!" Kuniyoshi akapaza sauti.

"Ulilipigilia wewe hilo," Eikichi akajibu. Macho yake yaling'aa. "Langu halivuji."

Chai ikamiminwa. Kuniyoshi akachagua kipande kinene cha figili ya moshi, akakiweka kwenye sahani mbele ya rafiki yake kwa mikono miwili. Towa alisimama mlangoni, aproni imekunjwa mikononi mwake. Eikichi alikinyanyua kwa vijiti, akakinusa, akatabasamu upande ule mzima wa mdomo, akakitia kinywani, akatafuna.

Akaacha kutafuna.

Alijaribu tena. Uso ulijikunja. Akatoa kitambaa, akatema ndani yake polepole, kama mtu anayeficha jino lililong'oka.

"Chumvi," akasema. "Chumvi kali mno. Inaunguza."

Kuniyoshi akaonja kipande kingine. "Mbona ni zilezile? Ni zile za kila mwaka, Eikichi. Mkono wa mke wangu uleule."

"Najua."

Bi Hatsune akamsogezea biringanya. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa. Akatazama sahani zote zile, nyumba zote alizokulia zimepangwa mbele yake, na machozi yakamtoka bila sauti. Miezi ile yote mkewe alikuwa ameufundisha ulimi wake kuishi bila chumvi, na ulimi ulikuwa umefuzu.

Walikaa kwa adabu kwa muda. Waliongelea theluji. Kisha mmoja akakumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, na wengine wakakumbuka majiko yao. Hakuna aliyerudi kesho yake, wala keshokutwa. Eikichi aliingia kitandani akaugeukia ukuta. Alipelekewa uji, akaulamba kidogo. Daktari alikuja, akapima, akasema hakuna ugonjwa anaouona.

Siku ya Nahoko kuondoka, mama na binti walikuwa nyuma ya ghala wakifukua vitunguu vya majani chini ya theluji kwa ajili ya mchuzi ambao wote wawili walijua hautanywewa. Vidole vya Towa vilikuwa vyekundu. Nahoko alikuwa amelibeba swali lile tangu siku ya wageni, akilimeza kila likifika kooni. Sasa basi la kumrudisha Sendai lilikuwa karibu kufika.

"Mama," akasema, "ingekuwa mambo yanaanza upya, baba ametoka hospitali leo, ungemwachia ale?"

Towa alikung'uta udongo kwenye mizizi, akakiweka kitunguu kapuni.

"Hapana," akasema. "Ningeogopa vilevile."