Gari Lililopakwa Lami

Gari lisiloweza kufika nyumbani kwa mwenyewe lina thamani gani? Baba mkubwa aliniuliza hivyo mbele ya ghala lake la kahawa, Mbinga, mkono wake ukiwa juu ya boneti. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi minne kabla, shahada ya uchumi, na kazi sina. Nikaanza kupiga hesabu kichwani, hakuningoja.

"Miaka mitatu darasani," akamwambia mkewe aliyekuwa anaanua nguo, "na gari moja limemshinda."

Gari lilikuwa la mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Marehemu mumewe alilinunua Dar es Salaam walipokuwa wanaishi huko: gari la spoti la Kijapani, jekundu, milango miwili, la zamani hata wakati huo, lenye taa za mbele zinazoibuka ukiziwasha na kuzama ukizizima. Alipofariki, nyumba na shamba la kahawa vilibaki kwenye ukoo wake, na gari akaandikiwa mke. Mama mdogo akateremka kwao Lituhi, ziwani. Gari likabaki huku juu milimani, maana lilikuwa limelala chini mno, na mawe ya barabara ya Lituhi yangelipasua tumbo kabla ya kona ya tatu. Watu wa mtaani walilibatiza Kandambili.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu, alilihifadhi ghalani kwa heshima ya ndugu yake. Heshima hiyo ilidumu miaka sita. Sasa mavuno yalikuwa yanakaribia na alitaka nafasi ya magunia. Mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Songea alikuwa ameshapita, ameshatazama, na kuahidi kurudi na lori baada ya wiki tatu.

Mama mdogo alikuwa na haja moja tu, na aliieleza kwa maneno machache. Boti la mbao alikuwa nalo, aliachiwa na baba yake, lakini lilikuwa limekaa mchangani bila injini. Usipa, dagaa wa ziwani, aliowakausha na kuwapandisha kuuza Mbinga aliwapata kwa boti la kukodi, na mwenye boti alichukua nusu ya samaki kabla yeye hajagusa hata mmoja. Akiuza gari kwa bei ya chuma, angepata labda nyavu. Akiliuza kama gari, angepata mashine ya boti.

"Mwanangu, wewe tafuta mtu," aliniambia kwa simu. "Mtu anayejua gari. Huyo wa kupima chuma kwa mizani simtaki."

Nilianza kwa kile nilichofundishwa. Nikachukua daftari, nikaandika bei ya kununulia, nikakata uchakavu wa kila mwaka kama tulivyofanya darasani. Jibu lilikaribia sifuri. Nikarudia hesabu kwa njia nyingine, likazidi kukaribia sifuri. Baba mkubwa akachungulia daftari, akafurahi. Alisema ndiyo maana serikali inatoa mikopo ya kusoma.

Lakini mimi huwa siamini jibu linalomfurahisha mtu haraka hivyo. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta matangazo ya magari ya aina ile. Bei zilikuwa za ajabu. Moja ilikuwa ya pikipiki iliyotumika, nyingine ingejenga nyumba. Nilizishuku zote mbili, kwa sababu bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji tu, hakuna anayerudi kuandika alichopokea kweli. Hata hivyo, nikagundua jambo ambalo daftari langu halikulijua. Gari la spoti hushuka bei miaka mingi kama gari lolote, kisha wenzake wakishaisha kwa ajali na kukatwakatwa, machache yaliyosalia huanza kupanda tena. Na hayapandi yote. Wanunuzi walitaka gari ambalo halijaguswa: injini yenye namba ile ile iliyo kwenye kadi ya gari, viti vyake vya mwanzo, na zaidi ya yote chuma cha chini kisicho na kutu. Rangi ilikuwa jambo dogo. Rangi unapaka tena.

Nikapiga picha na kuzituma kwenye kundi la simu la wapenda magari ya zamani. Siku ya tatu mwanaume mmoja wa Dar es Salaam akaniuliza namba ya injini. Ya nne akaomba picha ya kadi. Wiki iliyofuata alishuka kwenye basi pale stendi ya Mbinga, mzee mpole mwenye begi dogo. Ndani ya begi alikuwa na tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa, na ovaroli iliyopigwa pasi.

Mama mdogo alikuwa amepanda kutoka Lituhi siku iliyotangulia. Alimwamkia mgeni, akampa chai, akakaa kwenye ngazi ya ghala na mikono mapajani. Sikuwahi kumwona akikaa bila kazi.

Mzee alianza vizuri. Alizungusha sumaku kwenye milango na bodi yote, akisikiliza inavyonata, akitafuta mahali palipojazwa puti badala ya chuma. Hakupata. Akasoma namba ya injini kwa tochi na kuilinganisha na kadi, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Akaibua taa kwa mkono, akacheka kidogo. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia baba mkubwa.

Kisha akatandika gunia, akajilaza, akaingia chini ya gari. 

Alipotoka, uso ulikuwa umebadilika. "Nani amepaka lami huku chini?"

"Mimi," alisema mama mdogo.

"Kwa nini, mama?"

"Ili lisioze." Alisema kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafua nguo. "Kila mwaka kabla ya mvua napanda nalipaka. Kama boti."

Ndivyo wanavyofanya Lituhi. Boti hugeuzwa mchangani, nyufa hujazwa pamba, kisha hupakwa lami ya moto, na mwaka unaofuata hivyo hivyo. Mama mdogo alijifunza kwa baba yake. Alipoachiwa kitu cha kutunza, alikitunza kwa namna aliyoijua. Mimi nilikuwa nimepiga picha thelathini na sikuinama hata mara moja kutazama chini.

Mzee alifuta mikono. "Mama, sikuiti mwongo. Lakini nimenunua magari miaka mingi. Anayepaka lami chini, mara nyingi ana tundu analolificha. Sioni chuma, nitanunuaje chuma?" Akataja bei. Ilikuwa ya mtu wa mizani, na nyongeza ya kumfariji mjane.

"Chukua," alisema baba mkubwa. "Shemeji, chukua, angalau huyu ameoga."

Mama mdogo aligeuka. Alinitazama mimi. Na lazima niandike ukweli: hata mimi nilimshuku. Si kwamba alificha kwa makusudi. Niliwaza kwamba pengine lami ilifunika kutu iliyokuwapo tayari, akaendelea kupaka juu yake miaka sita bila kujua. Nilitaka kumtetea, nikakosa ushahidi.

Aliyesema ni baba mkubwa. Hakuwa upande wetu, nadhani alikerwa tu na ule usemi wa kutoona. "Kwani sisi kahawa tunaiuza kwa kutazama gunia?" Akaingia ghalani, akatoka na bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochomwa gunia ili kutoa punje za katikati. "Kwenye chama cha ushirika, mwenye kahawa haruhusiwi kushika hii. Mpokeaji ndiye anachagua pa kuchoma. Achome juu, achome chini, achome ubavuni. Mwenye mali anakaa mbali, anafunga mdomo. Mzee, chagua pa kuchoma."

"Kwa bambo?" mgeni aliuliza.

"Kwa bisibisi, mafuta ya taa, chochote. Nasema utaratibu."

Mzee akafikiri, kisha akavua saa. Alichora kwa chaki alama sita chini ya gari, sehemu ambazo, alisema, magari ya aina ile huoza kwanza. Nikapewa mkwanguo na kopo la mafuta ya taa, nikalala kwenye gunia, nikakwangua. Lami ilikuwa nene, matabaka kwa matabaka, na ilinidondokea shingoni. Alama ya kwanza ilifunguka. Chini yake rangi ya kiwandani bado ilikuwapo, ya kijivu, inang'aa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Kila nikimaliza, mzee aliingiza kichwa na tochi, akagonga kwa kidole, akatoka. Nilipofika ya sita sikuwa namshuku mtu tena isipokuwa mimi mwenyewe.

"Zote safi," alisema.

"Bado," alisema mama mdogo.

Sote tukageuka.

"Hujachagua pabovu. Nyuma ya gurudumu la kushoto, karibu na bampa. Pale maji yaliingia kabla sijaanza kupaka. Mkwangue na pale."

Baba mkubwa alijishika kichwa. "Shemeji, mdomo si tumesema unafungwa?"

"Wa kusifia," alisema mama mdogo. "Hukusema wa kusema pabovu."

Nikakwangua. Palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, kingo zake zimemeguka kama mkate mkavu. Mzee alipitisha vidole, akavitoa, akavitazama. Kisha akakaa chini kwenye gunia, ovaroli yake yote nyeusi, akaomba chai nyingine.

Walizungumza bei wao wawili. Nilikuwa na tarakimu yangu daftarini, niliyoitafuta kwa wiki mbili, lakini mama mdogo hakuniuliza. Alitaja gharama ya mashine kama ilivyoandikwa dukani Songea, na nauli ya kuifikisha Lituhi, hayo tu. Nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia kwamba hiyo ni bei ya haja yake, siyo thamani ya gari, na kwamba gari lenye chuma kile lilistahili zaidi.

"Binti anasema kweli," alisema mzee, jambo ambalo sikulitegemea kwa mnunuzi. "Tundu nitaliziba. Chuma cha zile alama sita ndicho siwezi kukitengeneza mahali popote." Akaongeza. Haikufika kwenye tarakimu yangu, lakini ilitosha mashine, nauli, na nyavu mpya, na ilipita mbali sana bei ya mizani.

Lori la mzee lilikuja kulichukua gari siku mbili baadaye. Majirani waliojitokeza kuliaga Kandambili walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Baba mkubwa akafagia ghala, akalalamika kwamba harufu ya lami itaingia kwenye kahawa, na jioni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama pikipiki yake ya zamani nayo ingeweza kutafutiwa mtu.

Mashine ilifika Lituhi kabla ya mwezi kuisha. Nilikuwapo ilipofungwa. Boti liliposogea kutoka mchangani, mama mdogo alikaa nyuma ameshika usukani, hakutazama ufukweni tulikokuwa tunapunga mikono. Alitazama maji. Msimu huo usipa wote aliopandisha Mbinga walikuwa wake.

Miaka mitatu baadaye nilipata kazi Mbinga na kuanza kujifunza kuendesha, kwenye gari la ofisini lenye klachi ngumu. Jumapili moja mama mdogo alikaa pembeni yangu tukipanda kilima. Gari likazima, likaanza kurudi nyuma.

"Vuta breki ya mkono," alisema kwa utulivu. "Sasa achia klachi taratibu, hadi usikie gari linataka kwenda. Usiwe na haraka. Haya."

Gari likapanda. Nilipofika juu nilisimama pembeni ya barabara na kumuuliza alijulia wapi. Akanishangaa. Akasema alidhani najua, kwa sababu kila mtu pale nyumbani alijua, na kwamba sikuwahi kuuliza. Mumewe alipozidiwa na sukari, miguu yake ilikufa ganzi, haikuhisi tena pedali. Walipoamua kurudi nyumbani, aliyeliendesha lile gari jekundu kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga, kwa siku mbili, alikuwa yeye.