Sufuri Katika Mita ya Mesquite

Kazi yangu ni kuandaa faili ambazo hakuna anayezisoma kwa raha. Ofisi iko Houston, mimi naishi Stafford, na asubuhi nyingi nafika mezani nikiwa nimeshachoshwa na barabara kabla hata ya kuwasha kompyuta. Kampuni yetu huendesha minada ya umeme kwenye mtandao. Shule au kiwanda kikitaka mkataba mpya wa stima, tunazialika kampuni zinazouza umeme zishindane, na itakayoshusha bei kuliko wenzake ndiyo inayopewa mteja. Lakini hakuna kampuni inayotaja bei kabla ya kujua mteja huyo anatumia umeme vipi, saa kwa saa, mwaka mzima. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Naomba takwimu za mita kutoka kwa wenye nyaya, yaani kampuni inayofikisha umeme kwenye majengo, nazisafisha, naziba mapengo, kisha nazituma kwa wazabuni.

Mwaka una saa elfu nane mia saba na sitini. Mita za huku husoma kila robo saa, kwa hiyo zidisha mara nne, kisha zidisha kwa idadi ya majengo. Macho hukataa. Mama aliwaambia majirani kule Voi kwamba mwanawe anafanya kazi ya umeme Marekani, nao wakadhani napanda nguzo. Sikuwasahihisha. Kupanda nguzo angalau mtu unapata hewa.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi baada ya ile wiki ya barafu, wakati baridi ilipoikamata Texas nzima na umeme ukakatika kwa watu wengi, wengine kwa siku kadhaa. Tulipata kazi ya kundi la makao ya wazee ya Dallas na vitongoji vyake. Mojawapo yalikuwa Mesquite, nami niliyajua kwa sababu dadangu mkubwa ni muuguzi pale. Ndiye aliyenipokea nilipokuja nchi hii. Nililala sebuleni kwake miaka miwili, nikipakia maboksi ghalani hadi nilipopata kazi ya ofisi.

Nilimwambia bosi mapema, asije akasikia kwa mtu mwingine.

"Vizuri," alisema bila kuinua kichwa. "Basi barua yao itafika haraka."

Barua yenyewe ni ya idhini. Mteja asipotia sahihi, hatupewi hata namba moja ya mita yake. Ile ya Mesquite ilikuwa imetiwa sahihi na msimamizi ambaye alikuwa ameshaacha kazi, na barua pepe zangu zilikuwa hazijibiwi. Nikamtumia dada karatasi, naye akampelekea msimamizi mpya, mama mmoja mpole, aliyetia sahihi amesimama, akiwa na kikombe cha kahawa mkono wa pili.

Takwimu zikaja. Nilizipitia kama kawaida, nikivuta ukurasa chini huku nawaza nitapika nini, mpaka nikafika kwenye ile wiki ya barafu. Hadi saa tatu asubuhi namba zilikuwa kubwa kuliko za siku nyingine yoyote ya mwaka ule, bila shaka kila kipasha joto kilikuwa kimewashwa. Robo saa iliyofuata zikaporomoka. Kuanzia saa tatu na robo, sufuri. Nikavuta chini. Sufuri. Nikaendelea kuvuta, sufuri tupu, hadi alasiri ya siku ya pili.

Kwenye meza yangu sufuri huwa ni takataka. Mara nyingi maana yake ni kwamba mita haikusoma. Lakini kando ya kila namba kuna alama inayoonyesha kama usomaji ni wa kweli au wa kukisia, na hizi zote zilikuwa za kweli. Wiki ile dada aliniambia kwa simu, "Sisi tuko sawa, angalia watoto wako." Basi. Hakuongeza neno, wala mimi sikuuliza. Mabomba yetu yalikuwa yameganda, nami nilikuwa nayeyusha theluji kwenye sufuria ili choo kipate maji.

Bosi alikuja akasimama nyuma yangu.

"Jaza kwa wastani wa wiki iliyotangulia," alisema. "Wazabuni hawapendi mapengo."

"Hili si pengo. Mita ilikuwa inasoma. Umeme ndio haukuwepo."

"Kwa upande wa bei ni kitu kilekile."

Alikuwa sahihi, na kwa majengo mengine nilikuwa nimeshafanya hivyo. Nilipumzika kidogo, nikatoka nje kwenye maegesho, nikampigia dada.

"Dada, ile wiki ya barafu, stima ilipotea huko kazini kwenu?"

Nilisikia mlio wa mashine fulani nyuma yake.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Njoo Jumamosi," alisema.

Houston hadi Mesquite ni kama saa nne za lami iliyonyooka, na sikufungua redio. Nilimkuta jikoni anakata sukuma. Hakugeuka alipoanza kusimulia.

Alisema umeme ulikatika saa tatu na dakika chache, akiwa anagawa dawa za asubuhi. Jenereta ilikohoa mara mbili ikafa. Yeye na wasaidizi wawili waliwasukuma wazee wote hadi chumba cha kulia, wakapanga magodoro yakigusana. Jiko la gesi lilikuwa linawaka, wakachemsha maji, wakajaza chupa na kuzizungushia taulo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetegemea mashine ya oksijeni, na mashine ile hutaka umeme. Mitungi ya akiba ilikuwa michache. Huku hayo yakiendelea alipiga simu ya dharura ikawa haishikiki, akapiga tena na tena hadi saa tatu na dakika ishirini ndipo alipojibiwa. Gari la wagonjwa halikufika hadi alasiri kwa sababu ya barafu barabarani.

"Nilichukua mikono yake nikaiweka huku," alisema, akajigusa tumboni kwa mkono wenye kisu, "ndani ya sweta. Akawa ananiuliza, umeme umerudi? Namwambia unakuja. Baada ya kidogo tena, umerudi? Namwambia unakuja."

Mzee alifia hospitalini siku mbili baadaye.

Wiki chache zikapita, yule msimamizi wa zamani akamwita ofisini. Alikuwa na karatasi iliyosema kwamba mtaa ule ulipoteza umeme saa kumi na mbili asubuhi. Zamu ya dada ilianza saa moja. Kwa hiyo, akauliza, alikaa zaidi ya saa mbili akifanya nini kabla ya kuomba msaada? Dada alieleza. Wale wasaidizi wawili hawakuulizwa. Akaandikiwa onyo, akatakiwa kutia sahihi.

"Na ukatia?"

"Nilitaka kutoka mle chumbani." Aliweka kisu chini. "Unajua kinachonimaliza? Sio onyo. Ni kwamba sasa sina hakika tena. Mwaka mzima najiuliza kama kweli niliangalia saa. Labda stima ilipotea mapema zaidi. Labda nilichelewa, halafu akili ikanitungia hadithi."

Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti chake nikiijua robo saa yenyewe. Nilikuwa nimetia sahihi ya kutunza siri za wateja, na mteja hakuwa dada, alikuwa mwajiri wake. Nilitazama majani ya sukuma yakiwa yamelundikana. Kisha nikamwambia lile nililoweza kulisema.

"Makao yenu yana mita ya peke yake, na mita haisomi mtaa, inasoma jengo. Inaandika kila robo saa. Msimamizi wako akiomba takwimu za siku ile, atapewa, ni haki ya mteja. Mwombe."

Alinigeukia, akanitazama muda mrefu. Ananijua tangu ananibeba mgongoni.

"Wewe umeziona," alisema.

Nilirudisha macho kwenye sukuma.

"Je, nimwombe?"

"Mwombe, Dada."

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia bila sauti. Nilimalizia kukata mboga mimi.

Jumatatu nilizituma takwimu kwa wazabuni nikiwa nimeziacha sufuri za Mesquite kama zilivyo, na chini nikaandika sentensi moja kwamba umeme ulikuwa umekatika na mita ilisoma kweli. Bosi aliisoma, akashusha pumzi.

"Hakuna atakayeisoma," alisema.

"Najua."

Hakuifuta. Nadhani naye alikuwa amechoka. Mnada ulikwisha kabla ya chakula cha mchana, na kampuni iliyoshinda haikuuliza swali hata moja.

Dada alichelewa wiki tatu kumwendea yule mama mpole. Alipomwendea, takwimu zilikuja kwa siku chache tu, na wasaidizi wale wawili wakaulizwa hatimaye. Alinipigia akiwa kwenye gari lake, nje ya kazi.

"Wameliondoa onyo. Wameandika barua, mistari miwili."

"Unajisikiaje?"

"Mzee bado amekufa," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini niliangalia saa. Niliiangalia vizuri."

Aliomba likizo, ya kwanza kwa muda mrefu, akaja Stafford akalala kwenye kitanda cha binti yangu. Alilala siku tatu, akiamka kunywa uji na kurudi. Binti yangu, ambaye nimemfundisha kumwita mama mkubwa lakini humwita "Auntie", alinifuata jikoni akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, anapumzika, na apunguze sauti ya televisheni.

Siku ya nne dada aliamka kabla yetu, akaoga, akatandika kitanda. Akaniuliza kama huku kwetu kuna duka zuri la viatu vya kazi, maana vyake vilikuwa vimekwisha soli. Tukaenda Sugar Land, mji wa jirani. Alijaribu jozi nyingi, akitembea nazo taratibu kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka akapata zilizomfaa.